Kisigino cha Tairi

Jumatatu, 9 Machi
Mtihani wa vitendo Alhamisi. Afande mkufunzi anasema chumba cha mazoezi "kitaibiwa". Mwizi ni mfanyakazi mmoja wa chuo hiki cha polisi, amepangwa kwa siri. Sisi makuruta tukusanye ushahidi, tumtaje. Mimi nimeshafeli miwili. Afande kaniambia mbele za watu kwamba nikifeli na huu nifungashe virago. Nyumbani ananingoja shemeji na banda lake la kuku. Ameshamwambia dada aproni yangu iko tayari. Mimi wa kunyonyoa kuku? Thubutu!

Jumanne, 10
Mwizi ni mpishi. Tangu jana hanitazami usoni. Nilimfuata jikoni, nikayasifia maharage, nikamdokeza kwamba najua kila kitu. Akasema kama najua kila kitu basi najua pia masufuria yanaoshwaje. Nimeosha yote. Sikuambulia neno.

Kamusi, kuruta wa kitanda cha juu yangu, anayekariri vifungu vya sheria hata akipiga mswaki, kasema askari mzuri husubiri ushahidi. Kimbelembele huyo. Aliye juu mngoje chini.

Jumatano, 11
Nimefanikiwa. Wakati wenzangu wanakula mchana nilipenya dirishani. Chumba tayari kimepangwa. Droo wazi, kikombe kimepasuka, na chini ya meza, nilipoinua boksi, alama ya ndala yenye matope. Ni mtunza bustani, hakuna mwingine avaaye ndala hapa. Nilikiokota kikombe nikakichunguza vizuri, nikakirudisha. Nimerudi bwenini naimba.

Alhamisi, 12
Makubwa. Kamusi kamwaga uji wa plasta kwenye alama iliyokuwa chini ya dirisha. Ikatoka buti la kushoto, kisigino kimetiwa kiraka cha tairi. Kisigino hicho chuo kizima ninacho mimi tu, nilitiliwa na fundi viatu wa getini. Nikauficha mguu nyuma ya mwenzake, nikasimama kama korongo. Ili kuwahi, nikatangaza kwamba mwizi ni mtunza bustani, alama ya ndala yake ile pale chini ya meza. Kamusi akauliza kwa upole nimeionaje, maana bado imefunikwa na boksi.

Niliiona aproni kwa macho yangu. Nikaungama yote, hata habari za masufuria.

Afande akacheka mpaka akavua kofia. Akasema hajawahi kuona darasa likikamata wezi wawili katika chumba kimoja, wa kupangwa mwenye ndala na wa kujipanga mwenye buti. Darasa zima limefaulu, na kwa kuwa nami ni wa darasa hilo, nimefaulu. Adhabu yangu kusafisha mabanda ya mbwa. Akanionya niache njia za mkato. Nikaapa. Nikakaa sakafuni, nafurahi kama mjinga. Nimempigia mama, kalia kwa furaha. Sikumweleza kwa kirefu.

Jumamosi, 14
Mtihani ujao ni wa mbwa wa kunusa. Tutapangwa mstari, mmoja wetu akiwa mwizi wa siri. Atakayefuatwa na mbwa akakaliwa miguuni, ndiye.

Safari hii hakuna ujanja. Ila kwa kuwa nipo mabandani kila siku, namtilia mbwa nyama kwenye mfuko wa shati langu, tuelewane mapema. Mnyama ana akili sana. Ameshanizoea. Hata nikijichanganya na umati, ananijia mbio na kunikalia miguuni.