Siku Matope Yalipofutwa

"Kuanzia leo," alitangaza Mkurugenzi wa Idara ya Viwanja vya Michezo, "katika idara hii, matope yamefutwa."

Alitangaza kwa kipaza sauti, akiwa kwenye ngazi za mbele za jengo, huku mvua ikimnyeshea vizuri kabisa yule aliyemshikia mwavuli. Wafanyakazi walipiga makofi. Wale wa uwanjani walipiga kidogo tu, kwa sababu mikono yao ilikuwa na matope, ambayo kisheria yalikuwa hayapo tena.

Mlangoni, ukiwa umevikwa nailoni, ulisimama Mtambo wa Kusafisha Viatu vya Michezo na Kazi, kwa kifupi MKUVIMIKA. Ulikuwa sanduku la chuma la kimo cha meza, lenye vyuma viwili vya kujishikilia juu na mashimo mawili ya kuingizia miguu chini. Ukiingiza mguu, kishikio kinakubana kifundo, taa nyekundu inawaka, maji yanaruka na brashi zinazunguka kushoto, kulia na chini ya soli. Uchafu ukiisha, taa inageuka kijani na kishikio kinakuachia uende zako. Ndivyo alivyoeleza fundi aliyeuleta, kisha akaondoka kwa haraka ya mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili.

"Mtambo kama huu unahitaji mwangalizi," Mkurugenzi aliendelea. "Namteua Mama Kaimu kuwa Kaimu Mratibu wa Usafi wa Nyayo."

Mama Kaimu hakuwa na jina jingine pale kazini. Alikuwa ameshakaimu uratibu wa nyavu, usimamizi wa chokaa ya mistari na ukuu wa kitengo cha filimbi. Kila mara mwenye cheo alipopatikana, Mama Kaimu alipewa mkono wa asante na kurudishwa stoo ya nyavu, chumba kisicho na dirisha, akafumue mafundo na kufukuza panya. Mtoto wake wa mwisho, alipoulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, alijibu: "Anakalia kiti cha mtu."

Jibu hilo lilimkaa Mama Kaimu rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Kwa hiyo Mkurugenzi alipomwita pembeni, alisikiliza kwa masikio yote mawili.

"Ijumaa ijayo tunazindua," Mkurugenzi alisema. "Mgeni rasmi ni Katibu Mkuu mwenyewe. Akiukuta mtambo unang'aa, nakuthibitisha papo hapo, mbele ya watu. Mratibu kamili. Akiukuta na doa..."

"Stoo," alisema Mama Kaimu.

"Stoo. Na panya wako wanakusalimu."

Waraka ukabandikwa mlangoni, kwa maandishi makubwa. Asiyepita kwenye mtambo haingii ndani. Asiyekuwa ndani kengele ya saa mbili ikilia, huyo hayupo kazini, na majukumu yake yatakaimiwa na afisa aliyepo ndani. Atakayeuchafua mtambo atausafisha kwa mikono yake, kwa mswaki, mpaka mwisho. Mkurugenzi aliutunga mwenyewe na aliusoma kwa sauti mara kadhaa, kwa jinsi ulivyompendeza.

Mama Kaimu alikuwa hata hajamaliza kuupangusa mtambo vumbi pale ilipomfikia sauti aliyokuwa akiihofia. Ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, msimamizi wa kikosi cha uwanjani. Wifi huyo alikuwa amevaa buti ambazo huwezi kujua rangi yake, na nyuma yake walikuwa vijana na akina mama wa kufyeka nyasi, pamoja na timu ya mpira ya idara, wote wametapakaa matope mpaka magotini.

"Wifi, za asubuhi? Hili dude ndilo la kutusafisha?"

"Ndilo."

"Haya, tupishe tusafishwe."

"Simama hapo hapo!" Mama Kaimu alitanua mikono kama golikipa. "Utalichafua."

Wifi alitazama buti zake. Akatazama mtambo. Akamtazama mke wa kaka yake kwa huruma.

"Wifi yangu. Hii ni mashine ya kusafisha viatu vichafu, au nimesikia vibaya?"

"Umesikia vizuri. Lakini haijazinduliwa. Haiwezi kukutana na uchafu kabla ya kukutana na mgeni rasmi."

"Basi tupite pembeni."

"Asiyepita kwenye mtambo haingii."

"Kwa hiyo tusiutumie, na tusipite bila kuutumia."

"Ndiyo maana kuna kamati," alisema Mama Kaimu, ambaye kamati ilikuwa imemjia kichwani sasa hivi.

"Kaka yangu alioa kweli," Wifi alinong'ona, kwa sauti iliyofika mpaka getini.

Kamati ya Kuulinda Mtambo dhidi ya Viatu ilikaa siku hiyo hiyo, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti. Maafisa walichambua suala kwa kina. Mmoja alipendekeza watu wa uwanjani wafanyie kazi zao ofisini. Mwingine akauliza kama uwanja hauwezi kutandikwa zulia. Hatimaye wakaafikiana: viatu vyote vichafu visafishwe kwanza kwenye bomba la nyuma, kwa kijiti na gunia, kama ilivyokuwa tangu zamani. Vikishatakata, vipelekwe kwenye mtambo, mwenye navyo aingize mguu, atulie kwa heshima na autoe. Mtambo usiwashwe. Mlango wa nyuma, ulio hatua chache kutoka bombani, ufungwe, na funguo akae nazo Mama Kaimu.

Utaratibu ulifanya kazi, isipokuwa jambo dogo. Kati ya bomba na mlango wa mbele palikuwa na njia, na njia ile, kwa maji ya watu wote wanaonawa, ikageuka jaruba la mpunga. Mtu alitoka bombani anameta, akafika mbele kama mfinyanzi. Wifi akapata dawa: watu wake wakawa wanabeba buti mikononi, wanapita matopeni pekupeku, kisha wanavaa buti safi mlangoni juu ya miguu iliyojaa udongo.

"Nje tunang'aa," alimwambia Mama Kaimu akiingiza mguu shimoni kwa heshima. "Ndani unaweza kupanda muhogo."

"Waraka hausemi chochote kuhusu ndani," Mama Kaimu alijibu. Na ni kweli, haukusema.

Mfano wa kuigwa na wote alikuwa Mkurugenzi. Viatu vyake vilisifika idara nzima. Vilikuwa vyeusi, na ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Kila asubuhi tarishi alivipaka rangi mpya juu ya ile ya jana, na ya jana ilikuwa juu ya ya juzi, na hakuna hata siku moja rangi ya zamani ilipopanguswa tangu bosi aingie madarakani. Uwanjani havikuwahi kukanyaga. Mbao zilitandikwa kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, na Mkurugenzi alizipita akiinua suruali kidogo, hata siku za jua.

"Mtambo unaona viatu hivi?" alikuwa akimwambia Mama Kaimu. "Ungekuwa na mdomo ungeomba msamaha."

Ijumaa ikafika. Mtambo uling'aa mpaka ukaumiza macho. Mama Kaimu aliingia ndani mapema, kwa sababu swichi ilikuwa upande wa ndani wa mlango, akasimama hapo na kitambaa mkononi na gauni la harusi ya mdogo wake mwilini. Nje, maafisa wote walijipanga nyuma ya Mkurugenzi kwa mpangilio wa vyeo, wakisubiri kupita mmoja mmoja mbele ya kamera. Hakuna aliyekubali kupita kabla ya bosi, wala bosi hakukubali kupita kabla ya mgeni.

Mgeni alichelewa, kisha akatokea upande usiotarajiwa. Katibu Mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na alikuwa ameshuka garini mbali akapita katikati ya uwanja, ili auone uwanja. Alikuwa amevaa buti za mvua. Kila hatua ilitoa mlio wa kunyonya.

"Samahani nimechelewa," alisema. "Goli la upande ule limelala. Kumbe hii ndiyo mashine? Mungu awabariki. Tazama nilivyo."

Akainua buti iliyobeba udongo wa kutosha kujengea kibanda, akaielekeza shimoni.

Mama Kaimu aliliona doa kabla halijatua. Aliiona stoo, akawaona na panya. Akamtazama Mkurugenzi kwa macho ya kuomba, na Mkurugenzi, ni haki yake kusifiwa, alikuwa mwepesi.

"Mheshimiwa!" alisema, akijipenyeza kati ya buti na mtambo. "Itifaki hairuhusu mgeni kuanza. Niruhusu nikuonyeshe."

Akashika vyuma na kuingiza viatu vyake viwili maarufu. "Mama Kaimu, washa."

Akawasha.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtambo kufanya kazi iliyouleta duniani, na uliifanya kwa ari. Kishikio kikabana. Taa nyekundu ikawaka. Brashi zikavuma na maji meusi tii yakaanza kutiririka, yakapita kwenye chuma kilichong'arishwa, yakashuka ngazi, yakazifikia mbao.

"Ni nini hicho?" aliuliza Katibu Mkuu.

"Ni... ni ufanisi, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, mashavu yakimtetemeka kwa mzunguko wa brashi.

Rangi ya mwaka huu ikatoka. Ikafuata ya mwaka jana. Taa ikabaki nyekundu kama jicho la mlevi.

"Nadhani vimetakata," Mkurugenzi alisema. "Zima."

Mama Kaimu akazima. Brashi zikanyamaza. Kishikio hakikulegea.

"Kinaachia taa ikiwa kijani tu, bosi," alimkumbusha. "Na bila umeme taa haiwaki."

"Basi washa!"

Akawasha. Brashi zikarudi kwa nguvu za mtu aliyepumzika.

"Zima! Zinakula soksi!"

Akazima.

"Nitoe!"

"Niwashe?"

Hapo kengele ya saa mbili ikalia.

Ilikuwa kengele ndefu, na kila mtu aliisikia mpaka mwisho. Katibu Mkuu, aliyekuwa akisubiri mvua ikimpiga, akasogea mlangoni na kuusoma waraka. Aliusoma taratibu, akafuta miwani, akausoma tena.

"Nani aliuandika huu?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, na kwa nusu dakika alisahau miguu yake kwa fahari.

"Unasema asiyekuwa ndani kengele ikilia, hayupo."

"Hatuna mchezo na watoro, Mheshimiwa."

"Vizuri. Wewe uko wapi?"

Mkurugenzi akajitazama. Kiwiliwili kilikuwa nje. Miguu ilikuwa mtamboni, na mtambo ulikuwa kizingitini.

"Mimi nipo!" alisema.

"Sauti ipo," alisema Katibu Mkuu. "Mwenyewe sijui." Akachungulia ndani, juu ya bega la Mkurugenzi. "Kuna afisa yeyote humo ndani?"

"Mimi, Mheshimiwa," alisema Mama Kaimu.

"Cheo chako?"

"Kaimu."

"Kumbe ulishajua. Basi, Kaimu Mkurugenzi, mimi nimelowa. Naingiaje?"

Mama Kaimu alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa wazi mbele yake, kwa maandishi makubwa: majukumu ya Mkurugenzi sasa yalikuwa yake, na milango pia. Akatoa funguo kifuani.

"Wifi!" aliita. "Mpeleke mgeni bombani. Nafungua mlango wa nyuma."

"Sisi je?"

"Na nyie. Buti zivaliwe miguuni, kama watu."

Kikosi cha uwanjani kilishangilia kama kimefunga goli. Wifi alimshika Katibu Mkuu mkono, akamketisha juu ya ndoo, akakwangua soli kwa kijiti, akapangusa kwa gunia, na kabla Mkurugenzi hajamaliza kulaani, mgeni rasmi alikuwa ameshaingia ndani na buti safi, anaulizia chai.

"Mama Kaimu!" Mkurugenzi alipaza sauti kutoka mlango wa mbele, akiwa amegeuza shingo kama kuku. "Nisikilize! Nitoe hapa, nakuthibitisha sasa hivi! Mratibu kamili! Kwa mdomo wangu!"

Neno lile alikuwa amelisubiri kwa miaka. Alilisikia vizuri. Akaweka kitambaa begani, akafikiri.

"Nashukuru, bosi," alisema. "Lakini asiyekuwepo hawezi kumthibitisha mtu."

"Yuko sahihi," Katibu Mkuu alisema kutoka ndani.

Mama Kaimu akarudi kwenye swichi, akawasha mtambo.

Taa iligeuka kijani baada ya muda mrefu. Mkurugenzi alitolewa akiwa amesimama juu ya miguu yake mwenyewe, kwa maana ya kwamba hapakuwa na kitu kingine kati yake na ardhi. Viatu vilikuwa vimesafishwa mpaka vikaisha. Kumbe kwa muda mrefu kilichokuwa kimevishikilia ni rangi.

Mtambo, kwa upande wake, ulikuwa mweusi kama sufuria ya msiba. Maafisa waliutazama, wakautazama waraka, kisha kila mmoja akaona kitu cha kuvutia upande wa uwanjani.

Wifi alileta mswaki na ndoo, akaviweka chini kwa adabu zote.

"Anzia pembeni, bosi," alisema. "Katikati ni rahisi." Kisha akamgeukia Mama Kaimu, kwa sauti ya chini ambayo si ya chini. "Wifi, ndiyo umethibitishwa sasa?"

"Hapana. Bado kaimu."

"Maskini! Kaka atasikitika."

"Kaimu Mkurugenzi."

"Aa," alisema Wifi. "Basi hatasikitika sana."

Mkurugenzi alipiga mswaki mpaka mvua ikakatika. Miguu yake pekupeku ilikuwa imetapakaa matope aliyoyafuta, yale yaliyoachwa ngazini na buti za mgeni. Hatimaye akainua uso.

"Mama Kaimu. Tazama. Umetakata?"

Mama Kaimu akatoka, akainama, akakagua kila pembe bila haraka.

"Bado. Taa haijawa kijani."

"Lakini mtambo umezimwa!"

"Ndiyo," alisema, akirudi ndani. "Kwa hiyo usijiharakishe."