Vidonge Vyeupe vya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji anatumia dawa. Ushahidi sina, shaka pia sina. Mwaka jana nilikuwa namwacha nyuma mpaka namsahau. Leo mazoezini kanipita kwenye kona huku akipiga mluzi. Mluzi! Mwoka mikate, mtu wa kushinda mbele ya tanuri, pumzi ya mluzi kaitoa wapi? Jumamosi ni mchujo, na nafasi ya kwenda kukimbia nje ya nchi ni moja tu. Naililia nafasi hiyo tangu kabla sijaoa. Mke wangu anasema kaka yake kaacha sigara, basi. Lazima amtetee, wametoka tumbo moja. Sasa namtilia shaka hata yeye.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga saluni mapema. Mteja mmoja kaondoka na ndevu upande mmoja, atarudi. Mazoezini, shemeji alipoingia kuoga, nikafungua begi lake. Soksi, taulo, na kichupa kisicho na jina, kimejaa vidonge vyeupe. Siku za mwizi ni arobaini. Nikachomoa vinne, nikarudisha kichupa.

Kisha nikamuuliza kocha, kwa mbali, ni nani hupimwa siku ya mashindano. Akasema mshindi, na mwingine mmoja kwa kura. Akauliza mbona natokwa jasho. Nikamwambia ni joto.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Namwachia ashinde. Akishinda atapimwa, akipimwa atanaswa, na nafasi itamwangukia wa pili. Wa pili ni mimi. Kichwa hiki kinanyoa watu bure.

Kesho nitameza viwili kati ya vile vidonge. Si kwa kutafuta ushindi, Mungu shahidi yangu. Nataka tu kujua mwenzangu anajisikiaje. Kura haininyimi usingizi. Tangu nizaliwe sijawahi kuokotwa kwenye kura yoyote, hata ya sufuria.

Jumamosi, 8 Machi

Nguvu sikuziona. Nilichokiona ni mkojo. Nilichepuka nyuma ya jukwaa, nikarudi mbioni, nikachepuka tena. Kocha alikuwa ananipigia kelele kwamba njia ni huku. Shemeji kashinda. Mimi wa pili, kwa sababu fundi bomba mmoja aliyekuwa mbele yangu alifunguka kamba za viatu.

Ikaja kura. Mimi! Afisa wa upimaji kanifuata mpaka chooni, kasimama ananitazama. Eti ndiyo sheria. Huko nje shemeji anamaliza chupa za maji na tone halitoki. Mimi nikajaza kikombe na kuuliza kama kuna kingine. Nikamwambia afisa kwamba mwenye dhamiri safi hakojoi kwa taabu. Hakucheka.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu yametoka. Shemeji safi! Mimi nimekutwa na dawa ya presha, ile ya kumkojoza mtu. Wanasema wajanja huitumia ili dawa nyingine zisionekane mwilini. Nimesimamishwa. Shemeji ndiye anayesafiri. Kocha kaniuliza kama nina presha. Nikamwambia sasa ninayo.

Jumapili, 30 Machi

Tumekula kwa mama mkwe. Mezani akalalamika kwamba mwanawe humchukulia dawa za presha na kumletea akitoka mazoezini, na mwezi huu zimekuja pungufu. Akanitazama. Shemeji akanitazama. Mke wangu akaacha kutafuna.

Shemeji hakufoka. Alisema twende wote kwenye kamati, nieleze ukweli, naye atasimama upande wangu. Huenda wakanipunguzia adhabu. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, na mdomo nilikuwa nimeshaufungua nikubali.

Mara mama mkwe akainuka kwenda kuleta chai. Jiko liko ghorofani. Alipanda ngazi zote na birika mkononi, hakushika ukuta, hakuhema. Bibi wa umri ule! Na alipokuwa anashuka, nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe akipiga mluzi.

Nimemwambia shemeji aniache nifikirie. Kikombe alichonywea mama mkwe ninacho ndani ya koti, kikapimwe. Kesho nafunga saluni mapema.