Wagonjwa wa Kupe, Karibuni Mtandaoni

Ijumaa, 2 Novemba 2007
Ugonjwa wangu una jina: Lyme. Daktari kasema niliupata kwa kupe, kiangazi kile nilipokwenda Ujerumani kumwendesha arbab, tajiri wangu, na familia yake. Mpira wa watoto uliingia msituni. Nani akaufuata? Dereva! Sasa magoti yanawaka, jasho linanitoka kama mbeba zege. Nimemweleza Chacha, tunayekaa naye chumba kimoja hapa Al Barsha, Dubai. Akacheka hadi akakaa chini. Kwao Tarime kupe wamemuuma tangu utotoni, wala hajapiga chafya. Eti anitafutie josho la ng'ombe.
Hakuna anayenielewa. Hakuna!

Jumapili, 4 Novemba
Internet kafe. Wagonjwa wenzangu wamejaa mtandaoni, ila Kiingereza chao kirefu mno. Nikimaliza kusoma shida ya mtu, mwenyewe ameshapona. Nimeanzisha kikundi cha Kiswahili. Mwanachama: mimi. Nimejikaribisha.
Aibu, kikundi cha mtu mmoja. Nimemwongeza Bi Joha, mama mtu mzima, naye ana Lyme. Ni mimi pia. Kanipa pole nzuri sana. Nimejisikia nafuu.

Jumanne, 6 Novemba
Kajiunga mtu wa kweli! Rukiya, yaya, Mmombasa, yuko Bur Dubai. Kupe alimpata Austria, alikokwenda na madam wake. Nikamwandikia ukurasa mzima kuhusu magoti yangu. Akajibu: pole. Bi Joha kaandika mstari mmoja tu, Rukiya kammiminia moyo wake wote na kumwita mama.
Huyu Bi Joha anajiona nani?

Alhamisi, 8 Novemba
Rukiya katoa namba, anataka kusikia sauti ya Bi Joha. Nikapiga, nimebana pua. "Hujambo, mwanangu?" Mambo yakaenda vizuri, mpaka Chacha akapaza sauti: "Pius! Chai yako inapoa!"
Kisha Rukiya akauliza polepole, "Na ugonjwa nao umeubuni?"
Nikaachia pua. Nikamwambia huo ni wa kweli. Asubuhi nashuka ngazi kwa makalio, na naogopa arbab akijua atanirudisha kwetu. Akasema yeye hulilia bafuni, bomba likiwa wazi, madam asisikie. Ndipo akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka magoti yakauma.

Ijumaa, 9 Novemba
Tumekutana Bur Dubai, karibu na wanapopandia abra, mashua za kuvukia. Kaniletea mahamri. Tulikaa kwenye benchi kila mmoja kashika goti lake, tukilinganisha vidonge. Tangu niugue, leo ndiyo mara ya kwanza sikulazimika kumweleza mtu kitu. Akaniapisha: watu wa kubuni, khalas! Wawili tunatosha. Nikaapa kwa moyo wote.

Jumamosi, 10 Novemba
Wawili ni wachache mno. Leo kajiunga Jairus, kutoka Maskati. Mgonjwa, mpole, na anamsifu sana Pius.
Rukiya kamjibu papo hapo: "Karibu sana. Umeoa?"
Mimi hajawahi kuniuliza! Huyu Jairus simwamini hata kidogo.