Jinsi Mpiga Deki Alivyoketi

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, mpate habari za asubuhi ile ambapo Mpiga Deki, mshinda matope, mtawala wa ndoo mbili, aliuvamia ubao wa benchi katika Baraza Kuu la mji wake, akauteka, wala hakurudi nyuma.

Watu wa sakafu katika mji ule hawakuwa na majina. Waliitwa kwa kazi zao na walisimama ukutani. Watu wa benchi walikuwa na jina moja moja, nao waliketi. Juu yao wote alikuwapo Mwenye Kochi, ambaye jina lake lilikuwa refu hata ikabidi awe na Mnadi wa kulitangaza kila asubuhi. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya kochi akingoja, kwani mkubwa haketi kabla jina lake halijafika lote. Na jina likikatizwa, huanzwa upya. Tena sheria ya kale ilisema kwamba yeyote atakayekuwa benchini jina linapokwisha, huyo ni mtu wa benchi, naye atapata jina. Hapana aliyewahi kuijaribu, maana Mnadi alikuwa na jicho la mwewe na sauti ya kuinulia watu.

Shujaa wetu hakutamani jina. Alitamani neno moja tu. Binti yake, mshonaji, aliolewa na mtu wa benchi, akapewa jina. Na mwenye jina haruhusiwi kumwita mama mtu asiye nalo. Tangu harusi, salamu yake ilikuwa hii: "Shikamoo, mpiga deki." Naye huitikia marahaba, kisha huenda kukamua tambara kwa nguvu kuliko tambara lilivyohitaji.

Basi Mnadi akajaza kifua, akaanza: "Huyu ndiye Mwana wa Aliyevuka Mto Bila Kulowa, Mjukuu wa Aliyetazamana na Simba, Simba Akatangulia Kuondoka..."

Hapo Mpiga Deki akaliegemeza fagio lake ukutani, kama askari achomekaye mkuki kambini. Akaivuka sakafu aliyoipiga deki mwenyewe, bado ina maji, yenye hila kwa kila mguu usio wake. Akalifikia benchi, akageuka, akashusha majeshi yake yote, akaketi ubavuni mwa binti yake. Benchi likalia. Mama mkwe wa binti, kwa kuwa watu wa benchi hawasemi wakati wa jina, alimfinya Mpiga Deki. Finyo likapokewa kwa ushujaa.

Mnadi akakatiza. "We mpiga deki, inuka hapo."

"Niinuke niende wapi?"

"Ukutani kwako. Kwani leo umepajua?"

Ndipo akanena, na maneno yake yamehifadhiwa. "Bwana Mnadi, ukuta huo nimeuegemea tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Huyu binti nilimbeba tumboni huku nikipangusa haya mabenchi, na hakuna aliyeniuliza tumbo lile ni la sakafu au la benchi. Sina silaha, sina ndugu mkubwa. Nina makalio tu, na nimeshayaweka. Ukitaka niinuke, njoo uninyanyue. Ila angalia, sakafu inateleza."

Mnadi akaitazama sakafu, akavitazama viatu vyake vipya, akaona heri aanze upya. Alipofika kwa simba akachungulia.

"Bado umekaa?"

"Bado."

Akaanza tena. Safari hii alikuwa ameshawavuka mababu wote na kuingia kwa mashangazi, hasira ikamshinda, akakatiza. Ndipo ikasikika sauti ndogo, iliyochoka, kutoka mbele ya kochi.

"Mnadi."

"Naam, bwana mkubwa."

"Magoti yananiwaka moto. Una ugomvi gani na huyu?"

"Ameketi, bwana."

"Namwona. Hata mimi nataka kukaa. Anza, ufike mwisho."

"Na heshima ya benchi, bwana?"

"Heshima nayo ije isimame hapa, ione inavyouma."

Mnadi akaanza, akavuka mto, akampita simba, akawamaliza mashangazi, mpaka kwenye "Mwenye Paa la Vigae," ambapo jina liliishia. Mwenye Kochi akaporomoka kochini kwa mguno mrefu. Kisha Mnadi, kama mtu anayemeza kidonge kichungu, akatangaza kwamba aliyeketi ni mtu wa benchi, akamwuliza anataka kuitwa nani.

"Nitafikiria," akasema. "Sina haraka."

Binti yake alikuwa akitazama mbele. Akavuta upindo wa nguo yake mara moja, haukutoka.

"Mama," akasema, "sogea kidogo. Umenikalia gauni."

Mama akasogea. Na mji ule, katika kumbukumbu zake zote, huhesabu miaka kwa siku hiyo: iliyokuwa kabla ya kusogea, na iliyokuja baada ya kusogea.