Nilivyojitangaza Mtahiniwa Siku ya Maombi

Leo nimejianika hadharani kama mahindi. Mbele ya wazazi, walimu, mchungaji na spika mbili kubwa za kukodi. Nimefika nyumbani, nimejifungia chumbani, na naandika haya kabla majirani hawajawasimulia kwa chumvi yao. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Wasionijua, mimi ni Mama Evans wa Gesima. Nachuma chai, nalima ndizi, naimba sauti ya pili kanisani (wengine husema ni ya tatu). Evans ni kifungua mimba wangu, yuko Kidato cha Nne katika shule ya kutwa hapa karibu. Leo ilikuwa siku ya kuwaombea watahiniwa. Mnajua mambo hayo. Mahema, viti vya plastiki, mchungaji, na wazazi tuliovaa kana kwamba ni sisi tunaokwenda kutahiniwa.

Sasa kuna jambo ambalo Gesima haikulijua hadi leo mchana. Mimi pia ni mtahiniwa.

Ndiyo, KCSE ya Kidato cha Nne. Hiyo hiyo. Niliacha shule nikiwa Kidato cha Tatu, mama yangu alipougua, nami ndiye binti mkubwa. Alipofariki, wenzangu walikuwa wamekwisha kumaliza shule. Nikaolewa, nikazaa, nikachuma chai. Lakini ule mtihani haukunitoka moyoni. Kila mwaka nikiwaona watahiniwa wakipita barabarani na rula zao, miguu inataka kuwafuata. Nimeota mara nyingi kwamba nimefika mlangoni mwa chumba cha mtihani, nimekosa kalamu.

Nataka kujua tu. Ningepata nini? Majani yangu hupimwa kila nikiyapeleka kituoni, lakini mimi mwenyewe sijawahi kupimwa. Swali lile lile kwa kila mtu, kutoka Mandera hadi Gesima, na anayesahihisha hajui mimi ni mke wa nani. Nautamani mtihani huo jinsi wengine wanavyotamani nyama ya Krismasi. Na sasa mfumo wa elimu wa 8-4-4, ndio wenye mtihani huu, unafungasha virago. Nisipoufanya sasa, nitaufanya lini?

Basi nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kituo changu kiko Ekerenyo, mbali na macho ya watu. Aliyejua ni Baba Evans peke yake, naye yuko kwenye kazi yake ya kuchonga mawe kule Tabaka, na ni mtu wa maneno machache. Nikifaulu, nitapiga vigelegele. Nikianguka, nitaanguka peke yangu, na hakuna atakayejua kwamba nilijaribu.

Asubuhi nikawaza, maombi ni maombi, hayaulizi umri. Nikatia kikokotoo changu mkobani, pamoja na rula na kalamu, chini ya leso. Baraka zikimwagika, nami nidake matone yangu kimyakimya.

Tukaketi. Watahiniwa walikuwa mbele, katika sare, wamenuna kama watu wanaosubiri sindano. Naibu wa mwalimu mkuu akahutubu. "Mtihani haupimi akili yote ya mtu," alisema. "Unapima kile ulichosoma, na ukakikumbuka saa hiyo!" Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Jirani yangu Mama Dennis, aliyeketi karibu nami, akanitazama.

"Mbona unaitika hivyo? Kwani ni wewe utafanya?"

"Ai! Mimi? Na uzee huu?" (Ulimi huu!)

Kisha mchungaji akashika maikrofoni. "Watahiniwa, simameni! Inueni vifaa vyenu juu! Wazazi, fungeni macho, kila mtu aombe kwa sauti yake!"

Mnayajua maombi ya namna hiyo. Huyu anaomba kwa Kiswahili, yule kwa Ekegusii, mwingine analia. Mama Dennis alikuwa akimkemea shetani wa hesabu. Kelele ile ni blanketi, hakuna anayemsikia mwenzake. Na macho yote yamefungwa. Nikajiambia, saa ndiyo hii. Nikasimama. Nikatoa kikokotoo, nikakiinua juu kama wale vijana, nikafumba macho yangu.

Jamani, niliomba! Niliomba maombi ya miaka yote ile. Nikajisahau kabisa. Mchungaji alikuwa akizungukazunguka kati ya viti na maikrofoni yake. Akasema, "Katika jina la Yesu." Mkutano ukaitika, "Amina," ukanyamaza.

Mimi sikusikia. Nilikuwa mbali, najadiliana na Mungu.

"...Biolojia nitajikaza, Nyasae, hiyo usijisumbue. Lakini hesabu! Nipe hata D ya hesabu, sitanung'unika. Tarehe za Historia zinanitoka, zirudishe. Msimamizi asinifukuze akidhani mimi ni mzazi aliyepotea. Na nikipata C plus, nitaacha kumsengenya Mama Dennis..."

Neno "Dennis" likanirudia kutoka kwenye spika. Nikafungua jicho moja. Mchungaji alikuwa amesimama kando yangu, maikrofoni iko kidevuni pangu (baadaye aliniambia alidhani natoa unabii). Kikokotoo bado kiko juu. Mkutano mzima umegeuka. Ng'ombe mmoja akalia kule nje ya ua, na hata yeye nikaona ananisema.

"Unanisengenya kwa nani?" Mama Dennis akauliza.

Nikajaribu kujiokoa. "Nilikuwa namwombea Evans!"

Kutoka mbele, sauti ya mwanangu mwenyewe ikapaa, safi kabisa. "Lakini mum, mimi sifanyi History."

Mtoto huyu nilimnyonyesha!

Naibu akaja, mikono nyuma. "Mama, hebu tuelewane. Mtahiniwa ni nani hapa?"

Nilikuwa na uongo mwingine tayari. Ulikuwa mzuri hata. Lakini kinywa kikakataa. Nimetamani kuitwa mtahiniwa tangu nikiwa msichana, leo naulizwa mbele za watu, kisha nikane?

"Ni mimi," nikasema. "Nafanya KCSE. Kule Ekerenyo."

Kicheko! Nilidhani hema litang'oka. Mzazi mmoja alianguka na kiti chake (viti vya plastiki si vya kuaminiwa). Mama Dennis alilia machozi akijipangusa kwa leso yangu, ile ile niliyofichia kikokotoo. Nilitafuta shimo la kuingia, lakini ile shule wameisakifu vizuri mno.

Mchungaji hakucheka. (Alijaribu sana.) "Mtahiniwa ni mtahiniwa," akasema. "Dada, njoo mbele na wenzako."

Nikapita. Niliona afadhali nitembee hadi Tabaka. Watahiniwa walikuwa wamepiga magoti, nami nikapiga magoti katikati yao, wao na sweta za kijani, mimi na gauni la maua. Kijana mmoja akanisogezea nafasi. "Karibu, classmate," akaninong'oneza. Nikamwambia asante. Ningesema nini?

Ikabaki desturi ya mwisho. Kila mzazi hupita mbele na kumwekea mwanawe mkono kichwani wakati mchungaji anawabariki. Wazazi wakaja. Mikono ikatua juu ya vichwa, kulia kwangu, kushoto kwangu. Changu kikabaki wazi.

Hapo hamu yote ya kucheka iliniisha. Nilimtamani mama yangu. Ndiye aliyekuwa akiniamsha nisome kabla ya kwenda mtoni, na kila nikimsomea kitu kwa Kiingereza alikuwa akisema ni kizuri, ingawa hakuelewa hata neno moja. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe. Ningeitoa chai yangu yote ili niuhisi mara moja tu, pale, mbele ya wote wanaonicheka.

Kisha nikahisi mkono. Mkubwa, umelowa jasho. Nikafungua macho. Evans alikuwa amejisogeza kwa magoti hadi nilipo. Hata yeye hakuwa na mtu wa kumwekea mkono, kwa maana mzazi wake alikuwa amepiga magoti na watahiniwa! Basi nikauinua wangu nikauweka juu ya kichwa chake. Tukabaki hivyo, kila mmoja ameshika kichwa cha mwenzake, kama watu wanaotafutana chawa. Kule nyuma watu wakaanza kucheka upya.

"Mum," akaninong'oneza, macho ameyafumba, "kwani panya anakula past papers zangu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hata ile ya Physics?"

"Physics sifanyi. Huyo ni panya kweli."

Mkono wake ukatikisika kwa kicheko. Lakini hakuuondoa, hadi mchungaji aliposema Amina, na hata baada ya Amina akauacha kidogo.

Nikitoka, Mama Dennis alinishika mkono langoni. Akaniambia kwamba yale ya kumsengenya tutayamaliza baada ya mtihani, sasa niende nikasome, kwa sababu ameshawaambia watu wa kituo cha majani kwamba kuna mtu wetu anafanya KCSE. Kituo kizima! Nilitaka nikianguka nianguke peke yangu. Sasa nikianguka, naanguka na Gesima yote.

Evans anagonga mlango wa chumba. Anasema nitoke, amepanga meza, na tunaanza na hesabu kwa sababu alisikia mwenyewe jinsi nilivyoomba D.

Basi mkitaka kucheka, chekeni. Ila polepole. Kuna watahiniwa wanasoma.