Kitalu 312, Jengo F

Jumanne, 12 Agosti
Nimefika Brasília. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Dada Dalvina yu taabani. Daktari amemrudisha nyumbani afie kitandani kwake, naye anataka kuniona mimi. Mimi, Belarmino! Mumewe, shemeji Osório, alisema nimsubiri stendi. Nimsubiri yeye? Fundi saruji mstaafu anayejiona mji ni wa baba yake eti kwa kuwa aliujenga? Mji wenyewe nimeuzidi umri. Tena hauna majina ya mitaa, ni namba tu: kitalu 312, jengo F, ghorofa ya pili. Mtoto wa chekechea anafika.

Nikapanda basi. 312 nikaiona. F nikaiona. Nikabisha. Kafungua bibi mmoja na mbwa wake. Kaniuliza, "Baba, unatafuta bawa gani?" Bawa! Mji umechorwa kama ndege, na kila namba iko Kusini na iko Kaskazini vilevile. Dada yuko Kusini. Mimi Kaskazini! Bibi kanionea huruma, kanipa kahawa na vimkate vya jibini. Kataka nimpigie Osório anifuate. Nikakataa katakata. Anicheke? Nikamaliza vimkate, nikashika njia ya mkato kwa miguu.

Jumatano, 13 Agosti
Mji huu haukujengewa miguu. Giza lilinikuta kwenye majani makavu, nikarudi kulala stendi. Nimefika leo asubuhi. Osório kafungua, macho mekundu. Dada kakata kauli usiku, pumzi tu ndiyo imebaki. Jana, kila mlango ukigongwa, alikuwa akiuliza: "Ni Belo?"

Nikasingizia foleni ya magari. Osório akasema, "Foleni gani, shemeji? Stendi na hapa ni pua na mdomo."

Nikamshika dada mkono. Nikamsimulia habari za yule mbwa. Alipenda sana vichekesho vyangu.

Alhamisi, 14 Agosti
Amefariki alfajiri. Nimelia mpaka Osório akaacha kulia ili anibembeleze. Hapo nimemshinda.

Jumamosi, 16 Agosti
Jana tumezika. Leo kapiga simu dada Zenaide, ndiye pekee niliyebaki naye, kutoka Palmas. Moyo unamsumbua, anataka tuonane mapema. Mumewe atanipokea stendi. "Usibanduke pale, Belo, tafadhali, nakupigia magoti," kasema.

Nimemwambia wasisumbuke. Palmas! Mji mchanga kuliko koti langu la mazishi. Mtu aliyeizoea Brasília atapotelea wapi kule?