Kaseti ya Mama, Kipaza Sauti cha Dahir

Wenzangu, leo nimejianika. Wala msiseme ni bahati mbaya, ni upumbavu wangu mwenyewe: nilikuwa na kaseti mbili zinazofanana kama mapacha, na sikuandika chochote juu ya hata moja. Nilijiambia, "Abdi, wewe bado kijana, utakumbuka." Sikukumbuka. Sasa Garissa nzima inanikumbuka mimi.

Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana habari hii itafika Nairobi na basi la kesho. Afadhali muisikie kwa mwenye aibu.

Mnajua nilikuwa mgonjwa. Malaria iliyokuja na mvua iliniangusha mpaka nikawa nabishana na mabati ya paa. Nimepona, alhamdulillahi. Lakini habari za ugonjwa wangu zilisafiri na wafanyabiashara wa ngamia hadi Tarbaj kwa mama, na kila kisima zilipopita ziliongezewa maji. Zilipotoka hapa, nilikuwa na homa. Zilipofika Wajir, nilikuwa siwezi kusimama. Zilipofika Tarbaj nilikuwa nimeshazikwa, ila watu hawajakubaliana ni makaburi yapi.

Mama akaletewa ujumbe na mfanyabiashara mmoja kwamba mimi ni mzima. Hakuamini. Akajibu kwa mdomo wa mfanyabiashara yuleyule: "Ulimi hauna mfupa. Mimi nataka sauti yake. Lori likija bila sauti ya mwanangu, litarudi na mimi juu yake."

Mama yangu ana mguu mbovu. Na barabara yenyewe mnaijua: mashimo, majambazi, magari yanasubiriana ili yasindikizwe na askari. Nikawaza mama juu ya magunia ya sukari, ameshikilia kamba. Moyo ukaniuma.

Basi jana nikafanya kama wafanyavyo wote huku walio na wazee wasiosoma. Nikachukua kaseti tupu, nikajifungia chumbani, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikazungumza na mama kama nimekaa miguuni pake. Leo asubuhi nikaishona ndani ya kitambaa, nikaipeleka kwa mwenye duka la mizigo ampe dereva wa lori la Tarbaj. (Kwa miguu yangu! Mimi, ambaye mlango wa nyumba nimeuzoea kwa ndani tu.)

Nikarudi nikiwa nimejawa na shukrani. Hapo ndipo ningefunga mlango nilale. Lakini leo ni Ijumaa, na kila Ijumaa baada ya sala tuna bunge letu.

Bunge linakaa katikati ya kibanda cha Dahir, anayeuza kaseti sokoni, na jiko la chai la Eedo Habiba, jirani yangu. (Eedo ni shangazi. Si shangazi yangu wa damu, lakini jaribu kumwita vinginevyo uone utakunywa chai wapi.) Mjumbe wa tatu ni Mutua, fundi wa magari kutoka Kitui. Kwa ajili yake tunabishana kwa Kiswahili, ingawa amekaa hapa miaka mingi na Kisomali anakielewa kuliko anavyokiri.

Hoja ni moja tangu mwaka juzi: muziki gani ulikuwa muziki?

Mimi ni wa zamani. Bendi za Mogadishu za kabla ya vita. Ile kaban, yaani udi wa nyuzi, inalia polepole, tarumbeta zinajibu, na mwanamke anaimba habari za kiu mpaka unaelewa hataki maji. Leo nilikuwa nimejipanga. Nikasimama nikasema: "Siku hizo mtunzi alikaa na neno moja mpaka likaiva. Hawa wenu wa sasa wanaokota neno barabarani na vumbi lake!"

"Kaa chini, wewe bado mgonjwa," akasema Mutua. "Muziki ni rumba. Gitaa linaingia kama mgeni mwenye adabu. Linabisha hodi, linasalimu, ndipo linakaa. Hayo matarumbeta yako yanaingia kama polisi."

Dahir akacheka. Yeye ni wa nyimbo mpya, za mtu mmoja na kinanda cha umeme. (Ndizo anazouza. Maoni yake yanatoka tumboni.)

"Abdi, hizo bendi zako ziko wapi?" akaniuliza. "Mpiga ngoma yuko kambini, mwenye tarumbeta yuko ng'ambo, mwimbaji hajulikani aliko. Watu wakikimbia hubeba kinachobebeka. Kinanda kinaingia kwenye begi. Watu wanaoa, walla! Waoe kimya?"

Hoja hiyo ilinigusa, lakini sikuonyesha. Badala yake nikatoa kaseti yangu mfukoni.

"Leo maneno yamekwisha," nikasema. "Weka hii. Kwenye kipaza sauti. Soko lote lisikie, liamue."

"Tusije tukakatizana," akasema Mutua.

"Nani akatize?" nikajibu, kifua mbele. "Sheria ni yangu mwenyewe: kaseti ikianza, hakuna mtu kugusa mashine mpaka iishe. Akigusa, ameshindwa." (Ijumaa iliyopita Mutua alinizimia wimbo katikati. Nilitunga sheria hiyo kwa hasira. Mola anaona.)

Dahir akaingiza kaseti. Akaelekeza kipaza sauti barabarani. Nikafumba macho kungoja kaban.

"Hooyo, assalamu alaikum," kikasema kipaza sauti. "Hooyo, ni mimi, Abdi. Mama yangu, niko hai."

Nikafumbua macho.

Nikaruka. Dahir akaruka kabla yangu, akasimama mbele ya mashine, mikono ameitanua kama golikipa. "Sheria! Sheria ya nani?"

"Dahir, tafadhali!"

"Hakuna kugusa!"

Na mimi wa kwenye kaseti nikaendelea bila haya: "Hooyo, nitumie nyirinyiri. Nyingi. Lile kopo ulilotuma mara ya mwisho lilikuwa tamu, nililificha chini ya kitanda nikala peke yangu."

"Ulituambia ilioza njiani!" akapiga kelele Mutua. Nyama ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, iliyopikwa na mama, ilioza njiani! Hata mimi niliposikia niliona uongo ule haukuwa na akili.

Wauza miraa wakaacha wateja. Mtu mwenye mkokoteni wa punda akasimamisha punda. Eedo Habiba akashusha birika.

"Hooyo, ujue kifua changu kimepona, sikiliza pumzi hii." Na hapo nikaimba. Si wimbo wa zamani. Wimbo mpya! Ule wa harusi, wa kinanda, ambao nimeuita takataka mbele ya watu wote hawa. Niliuimba wote. Kinanda nilikipiga kwa mdomo: "Tiriri-tiriri-tii!" Halafu nikasema kwa sauti ya siri, siri iliyofika hadi msikitini: "Huu wimbo ni mtamu, hooyo. Usimwambie Dahir."

Dahir alikaa chini mavumbini. Hakukaa kwa kupenda, miguu ilimwishia kwa kucheka. Soko lilivunjika. Wanawake wa maziwa walishikana. Nikatafuta shimo la kuingia, lakini ardhi ya Garissa ni mchanga, hata haipasuki.

Dahir alikuwa ameshaondoka mbele ya mashine. Ningeweza kuizima. Lakini mkono wangu ulipofika, sauti ilikuwa imebadilika.

"Hooyo, usilie. Sikuwa peke yangu. Homa ilipopanda, Dahir na Mutua walinibeba juu ya mkeka mpaka hospitali, na mvua inanyesha. Mutua hajui muziki hata kidogo, lakini alinivulia koti lake. Dahir alifunga kibanda. Eedo Habiba alininywesha maziwa ya ngamia kwa kijiko kama mtoto. Sijawaambia asante. Nitawaambiaje? Watanicheka mpaka Idi."

Hakuna aliyecheka. Mutua aliangalia viatu vyake. Dahir alijifuta vumbi mahali pasipo na vumbi. Eedo Habiba akageukia jiko lake na kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Ndipo Dahir akainua kichwa. "Ngoja. Abdi. Kama barua ya mama yako iko hapa, lorini kuna nini?"

Nikajipiga paji la uso.

Kulikuwa na mwanamke wa Mogadishu na kiu yake! Mama angekusanya majirani, angeweka kaseti, angesubiri sauti ya mwanawe, na angesikia mapenzi ya watu wengine. Angeamini nimekufa kweli, na kwamba watu wameanza kumpoza kwa muziki. Angepanda lori siku hiyohiyo, na mguu ule.

Nilinyakua kaseti nikakimbia. Macawis yangu (shuka la kiunoni, kwa ninyi mliosahau kwenu) nimeishika kwa mkono mmoja, kaseti kwa mwingine. Nyuma yangu nikasikia viatu. Dahir alikuwa ameacha kibanda wazi, Ijumaa, soko limejaa. Mutua alinipita akanivuta mkono. "Kimbia, mgonjwa wa nyirinyiri!"

Lori tulilikuta kwenye kizuizi cha polisi, likisubiri msafara wa kusindikizwa. Sijawahi kuipenda serikali kama leo.

"Dereva," nikasema, yaani nilijaribu, sauti ilikuwa imekauka, "ile kaseti ya Tarbaj. Nipe. Chukua hii."

Dereva alikuwa mzee mwenye ndevu za hina. Akanitazama kuanzia vumbi la miguu hadi jasho la kichwa. "Ile ni amana. Mwenye duka aliniambia ni ya Abdi kwa mama yake. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Abdi."

"Kila anayetaka mzigo wa Abdi ni Abdi."

Dahir akaapa kwamba ni mimi. Mutua akaapa. Dereva akasema hata wao ni wageni kwake. Halafu akanyoosha mkono. "Una ushahidi? Hiyo kaseti yako si ina sauti? Lete."

Wenzangu, aliiweka. Kwenye gari. Milango wazi. Juu ya magunia walikaa abiria tele, na pembeni askari wa kizuizi. Wote walisikia habari ya nyirinyiri. Ilipofika kwenye wimbo, dereva akaizima.

"Sauti hii ina afya," akasema, "yako imekauka. Endelea hapo ilipoishia."

"Niendelee nini?"

"Imba."

Nilimtazama Mutua. Mutua alitazama mbingu. Nikamkumbuka mama, nikaimba. Wimbo mpya. Mbele ya askari wenye bunduki. Nilipofika kwenye kinanda nikasita, na dereva akasema, "Na hicho." Nikapiga: "Tiriri-tiriri-tii!" Bibi mmoja juu ya magunia akapiga vigelegele. Askari akaniomba nirudie (sikurudia, heshima kidogo ilibaki).

Dereva akatafakari kama kadhi. Kisha akasema, "Ni yeye. Sauti mbaya hivi haiwezi kuwa ya watu wawili."

Akafumua kitambaa kwa kisu, akatoa nyimbo, akaweka barua, akaifunga na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo. "Mama yako ataisikia, inshallah. Nitamketisha mimi mwenyewe." Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Msafara ukaondoka, na abiria wale juu, naapa, walikuwa wanauimba ule wimbo.

Tulirudi taratibu. Nikasema, "Jamani, asante. Kwa lile koti. Kwa ule mkeka." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, mchana kweupe. Mutua akasema, "Nyamaza, umeongea vya kutosha leo." Lakini mkono alikuwa ameuweka begani kwangu. Kibanda cha Dahir hakikupungua hata kaseti moja. Eedo Habiba alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda akikilinda, mwiko mkononi.

"Imeondoka?" akaniuliza.

"Imeondoka, eedo. Alhamdulillahi. Mama atanisikia."

Akanimiminia chai ya maziwa, akaweka sukari mwenyewe, akanisukumia kikombe. Nilidhani atanipa pole. Akasema hivi, na nawanukulia neno kwa neno:

"Vizuri. Mama yako sasa atajua uko hai. Na vile umeimba, atajua pia kwa nini hakuna msichana amekubali wewe."